Bata mzinga wa Baghdad: namna picha za viongozi na askari zinavyopangwa wakati wa sikukuu

Wengi wameiona picha hiyo. Rais George W. Bush, ndani ya jaketi la mazoezi la jeshi lenye nembo ya Divisheni ya 1 ya Vifaru, ameshika sinia lenye bata mzinga mzima aliyeokwa akawa rangi ya dhahabu na kupambwa kwa matunda. Karibu naye askari wanacheka. Mahali ni Baghdad, tarehe ni 27 Novemba 2003, Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani.

Wiki moja baadaye gazeti la Washington Post likaeleza kuwa bata yule alikuwa pambo la meza. Askari walipakuliwa chakula chao kutoka kwenye trei za chuma zinazopashwa kwa mvuke, kama siku nyingine yoyote bwaloni. Habari hiyo ikaota mbawa, na kufikia 2004 watu walikuwa wanasema bata alikuwa wa plastiki. Hakuwa wa plastiki. Alikuwa nyama halisi, na New York Times, lililokuwa limemwita bandia, likachapisha sahihisho.

Tangu hapo wabishi wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema picha ilikuwa ulaghai kwa sababu bata hakuliwa. La pili linasema picha ilikuwa ya haki kwa sababu bata alikuwa bata. Makundi yote mawili yanabishania kitu ambacho uzito wake ni mdogo kuliko vyote vilivyokuwa ukumbini. Picha ya aina hii hupangwa kwa tabaka: saa ya tukio, watu waliochaguliwa kuwemo, kifaa cha kushika mkononi, mahali kamera iliposimamishwa, na maneno yaliyoandikwa chini. Kila tabaka linaweza kuwa kweli tupu huku jumla yake ikimpeleka mtazamaji mahali pengine kabisa. Kwa hiyo afadhali tuyachambue matabaka hayo moja moja.

Kwa nini sikukuu

Siku ya sikukuu habari huwa chache. Mabunge yamefunga, mahakama zimefunga, masoko ya hisa yamefunga, na vyumba vya habari vina wafanyakazi wa zamu tu. Picha moja nzuri ikitua siku hiyo haina mpinzani. Halafu wasikilizaji wako nyumbani, familia nzima imekaa mbele ya televisheni moja, na kama nchi iko vitani kuna familia zenye kiti kitupu mezani. Kiongozi anayeonekana akila na hao waliokosekana anazungumza na watu wengi kuliko hotuba ya Jumanne yoyote.

Saa nayo ina hesabu yake. Mwezi Novemba saa za Baghdad huwa zimetangulia za Washington kwa saa 8. Bush alitua mnamo saa 11:30 jioni, akakaa takriban saa mbili na nusu, na waandishi waliruhusiwa kutoa habari baada ya ndege kuondoka. Kwa majira ya Washington hiyo ni karibu saa sita mchana wa Sikukuu ya Shukrani, wakati nyama iko kwenye oveni na televisheni imewashwa kungojea mpira. Huenda usalama peke yake ulitosha kuchagua giza la jioni. Lakini hakuna mtu wa mawasiliano Ikulu ambaye angelalamikia matokeo.

Desturi yenyewe ni ya zamani kuliko Bush mdogo. Lyndon Johnson alikwenda Cam Ranh Bay, Vietnam, mara mbili: Oktoba 1966, na tena tarehe 23 Desemba 1967, siku mbili kabla ya Krismasi, katika safari iliyoanza na ibada ya kumbukumbu ya Waziri Mkuu wa Australia, Harold Holt, na kuishia kwa Papa Paulo VI mjini Roma. Bush mkubwa, baba yake, alikula Sikukuu ya Shukrani na askari jangwani Saudi Arabia tarehe 22 Novemba 1990, na alifanya jambo ambalo wapangaji wengi hulisahau: alichukua viongozi wa Bunge wa vyama vyote viwili. Wiki moja baadaye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha Azimio namba 678 lililoruhusu nguvu kutumika dhidi ya Iraki, na Januari Bunge la Marekani likapiga kura yake. Mpinzani aliyepigwa picha nawe jangwani hanyamazi kwa sababu hiyo tu, ila kazi yake ya kukukosoa inakuwa ngumu zaidi. Katika safari hiyohiyo ibada ya shukrani ilifanyika baharini, ndani ya meli ya USS Nassau, ili kutowakwaza wenyeji wa Saudia kwa ibada ya hadhara ya Kikristo katika ardhi yao. Picha za askari wakisali zikapatikana bila mgogoro wa kidiplomasia.

Vladimir Putin alianza urais wake wa muda kwa njia hiyohiyo. Boris Yeltsin alijiuzulu tarehe 31 Desemba 1999, na usiku uleule Putin akaelekea Chechnya. Hali ya hewa ilirudisha helikopta, msafara ukaendelea kwa magari, na alfajiri ya mwaka mpya akawa Gudermes akigawa visu vya kuwindia kwa askari. Ufaransa nayo ina mtindo wake: rais hula chakula cha Krismasi na kikosi kilicho ng'ambo siku chache kabla ya sikukuu yenyewe. Emmanuel Macron alipokwenda Niamey, Niger, tarehe 22 Desemba 2017, mpishi mkuu wa Ikulu ya Élysée alikwenda naye kupika. Hapo hakuna anayeweza kulalamika kuwa chakula ni cha maonyesho. Maonyesho ndiyo yenyewe, na yametangazwa.

Siri, na jinsi inavyoamua picha itakavyokuwa

Safari ya kwenda kwenye vita hubanwa na usalama, na mbano huo ndio unaozaa sehemu kubwa ya kile ambacho watazamaji hukiita uigizaji. Mfano wa 2003 unaonyesha hilo vizuri. Tarehe 22 Novemba, siku 5 kabla ya Bush kutua, ndege ya mizigo ya DHL aina ya Airbus A300 ilipigwa kombora la kurushwa begani ilipokuwa inapaa kutoka uwanja uleule wa Baghdad. Marubani walifanikiwa kuirudisha ikiwa na bawa linalowaka. Mwezi mmoja nyuma, tarehe 26 Oktoba, hoteli ya Al-Rashid ilipigwa maroketi Naibu Waziri wa Ulinzi Paul Wolfowitz akiwa amelala humo.

Kwa hiyo Ikulu ilitangaza kwamba Rais yuko shambani kwake Crawford, Texas, kwa mapumziko. Akatoka na Condoleezza Rice, mshauri wake wa usalama wa taifa, ndani ya gari la kawaida lisilo na msafara, wote wamevaa kofia za besiboli, wakakwama kwenye foleni ya sikukuu kama raia wengine. Ndege iliwapeleka kambi ya Andrews karibu na Washington, na humo ndani ya banda, mbali na macho, wakahamia ndege nyingine. Kundi dogo la waandishi wa zamu lilinyang'anywa mawasiliano na kuapishwa kutosema lolote. Ndege ikatua gizani, taa zimezimwa na mapazia ya madirisha yameshushwa.

Mbinu hizo hazikubuniwa siku hiyo. Dwight Eisenhower, rais mteule, alipokwenda Korea mwanzoni mwa Desemba 1952, wageni waliendelea kuingia na kutoka nyumbani kwake New York na majina ya mawaziri wake wapya yakaendelea kutangazwa, ili ionekane yumo ndani.

Sasa tazama masharti hayo yanavyofanya kwa mpiga picha. Muda ni mfupi. Tukio ni ndani ya jengo, maana nje kuna giza na makombora. Watu waliomo ni wale tu waliokaguliwa. Hakuna nafasi ya kutembea mitaani wala kukutana na mtu ambaye hakuandaliwa. Bush alikutana na wajumbe wanne wa Baraza la Utawala la Iraki, lakini picha za kikao hicho nani anazikumbuka? Wairaki wenyewe, katika siku iliyohusu nchi yao, walibaki pembeni ya fremu.

Na hatari ya bwalo si nadharia. Tarehe 21 Desemba 2004 mtu aliyejilipua aliingia katika hema la chakula la kambi ya Marez, Mosul, saa ya mlo wa mchana, akaua watu 22. Siku tatu baadaye, mkesha wa Krismasi, Waziri wa Ulinzi Donald Rumsfeld alikuwa Mosul akipeana mikono na askari. Februari 2007 Makamu wa Rais Dick Cheney alilazimika kulala kambi ya Bagram, Afghanistan, kwa sababu theluji ilimzuia kufika Kabul. Asubuhi mlipuko kwenye lango la nje ukaua watu zaidi ya 20. Ratiba ikirefuka kwa usiku mmoja, siri huvuja.

Siku hizi siri ni ngumu zaidi. Tarehe 26 Desemba 2018 mpenzi wa kupiga picha za ndege nchini Uingereza alinasa Air Force One, ndege ya Rais wa Marekani, ikipita juu angani, na wafuatiliaji wakajua kwamba Donald Trump hayuko Washington kabla Ikulu haijasema neno. Novemba 2019 alipokwenda Bagram kwa Sikukuu ya Shukrani, wasaidizi wake waliandaa ujumbe uendelee kutumwa kwenye akaunti yake ya Twitter akiwa angani. Ukimya wa mtu anayeandika kila saa ungekuwa tangazo tosha.

Ndani ya bwalo

Kikosi cha matayarisho hufika mapema kikiwa na kazi nne: njia za kuingia na kutoka, mwanga, ukuta wa nyuma, na watu. Mwanga wa mabwalo mengi ni wa taa za mirija, ambao huipa ngozi rangi ya kijani na kuacha vivuli chini ya macho. Zinaletwa taa za ziada au kamera inarekebishwa uwiano wa weupe. Ukuta wa nyuma hufunikwa bendera au wavu wa kujificha, kwa sababu ukuta mtupu wa mabati haumwambii mtazamaji yuko wapi. Kisha watu: askari hupangwa nyuma ya msemaji kama ukuta wa pili, wenye vyeo vya chini mbele, sura za vijana karibu na kamera, wanawake na wanaume wamechanganywa. Makamanda ndio hutoa majina. Askari aliye na kesi ya nidhamu au anayejulikana kuwa na mdomo hapewi kiti cha mbele.

Silaha huleta kichwa kuuma. Askari aliye vitani hutembea na bunduki yake, na walinzi wa kiongozi hawapendi chumba chenye bunduki mia sita. Machi 2012 askari wa marini wa Marekani katika kambi ya Leatherneck, Afghanistan, waliamriwa kuacha bunduki nje kabla Waziri wa Ulinzi Leon Panetta hajaanza kuongea. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba ni kwa ajili ya usawa, maana askari wa Afghanistan humo ndani hawakuwa na silaha. Lakini kilichobaki vichwani mwa watu ni kwamba waziri hawaamini askari wake.

Tukirudi kwa bata. Siku ile ukumbini mlikuwa na askari wapatao 600. Kwa kipimo cha jikoni, bata mzinga mzima hukadiriwa kiasi cha gramu 600 kwa mlaji, mifupa ikiwemo. Hiyo ni kilo 360, yaani bata 40 wa kilo 9 kila mmoja. Kuwakata mmoja mmoja mbele ya foleni ni kuua foleni. Pia nyama lazima ifike nyuzi 74 za Selsiasi katikati, kisha ikae juu ya nyuzi 57 mpaka inapopakuliwa. Bata mzima akiwekwa mezani hupoa kutoka nje huku katikati pakibaki vuguvugu, na hapo ndipo vijidudu huzaliana. Ndiyo maana mabwalo ya jeshi hupika minofu iliyokunjwa, huikata jikoni na kuitandaza kwenye trei za mvuke, na huweka bata mmoja mzima aliyepambwa mwanzoni mwa meza ili sikukuu ionekane. Pambo lile halikutengenezwa kwa ajili ya Rais. Mabwalo huweka kama lile kila mwaka. Bush, au msaidizi wake, aliliona tu na likafaa.

Lilifaa kwa nini? Jaribu kumpiga picha mtu anayepakua chakula. Kichwa kimeinama. Kati yake na kamera kuna kioo cha kuzuia mate kinachorudisha mwanga wa fleshi. Mvuke unapanda na kutia ukungu kwenye lenzi. Anayepakua na anayepakuliwa wanaangaliana, kwa hiyo kamera inapata nyuso mbili za ubavuni. Mtu anayebeba sinia, kinyume chake, ana mikono kifuani, uso umeinuka, anatembea kuelekea kamera, na kitu alichobeba kinaeleza sikukuu bila maneno. Wapiga picha kadhaa watapiga mamia ya picha kwa dakika zile, na wahariri katika mabara tofauti watachagua ileile.

Kuna jambo jingine ambalo wakosoaji wa kiraia hulikosa. Katika jeshi la Marekani ni desturi ya miaka mingi maofisa kuvaa aproni na kuwapakulia askari wa vyeo vya chini siku ya Shukrani na Krismasi. Rais akisimama nyuma ya meza ya chakula anaingia katika desturi ambayo askari wanaijua tangu kambi ya mafunzo. Kwao si ajabu. Shangwe ya askari wale iliyotokea Bush alipojitokeza nyuma ya pazia, baada ya Paul Bremer, msimamizi wa Marekani nchini Iraki, kuuliza kama hakuna mkubwa zaidi wa kusoma salamu za Rais, ilikuwa shangwe ya kweli. Mtu aliyekaa miezi vitani akitembelewa bila kutarajia hafanyi uchambuzi wa mawasiliano.

Basi udanganyifu, kama upo, uko wapi? Tazama nje ya fremu. Novemba 2003 ulikuwa mwezi ulioua askari wengi wa Marekani kuliko wowote tangu uvamizi uanze Machi mwaka ule. Majeneza yao yalikuwa yanashushwa kambi ya Dover, Delaware, na kamera za habari zilikuwa zimekatazwa kuyapiga picha. Katazo lilikuwepo tangu 1991, likakaziwa upya Machi 2003, na halikuondolewa mpaka Februari 2009, pale Waziri wa Ulinzi Robert Gates alipoacha uamuzi kwa familia za marehemu. Serikali ileile iliyosafirisha wapiga picha nusu ya dunia kuwaonyesha askari wakicheka ilifunga lango kwa wapiga picha waliotaka kuwaonyesha askari wakirudi. Kumjadili bata wakati jambo hilo lipo ni kupoteza muda.

Panapoharibika

Mara nyingi picha haiharibiwi na uongo mkubwa bali na chumvi iliyozidi. Baada ya safari ya Baghdad, wasaidizi wa Ikulu walisimulia kwamba rubani wa British Airways aliiona ndege ya Rais angani na kuuliza kwa redio kama ile ni Air Force One, naye akajibiwa kwamba ni Gulfstream 5, ndege ndogo ya kibinafsi. Simulizi tamu. British Airways wakasema marubani wao hawakuripoti kitu kama hicho, na Ikulu ikabadilisha maelezo yake. Safari ya kweli, ya hatari kweli, ikachafuliwa na kinogesho ambacho hakuna aliyekihitaji.

Waandishi walikuwa tayari wameamka. Tarehe 1 Mei mwaka uleule Bush alikuwa ametua kwenye meli ya kubeba ndege USS Abraham Lincoln, karibu na pwani ya California, na kuhutubia chini ya bango lililosema kazi imekamilika. Meli ilielekezwa ili pwani ya San Diego isionekane nyuma yake. Oktoba akasema bango liliwekwa na mabaharia. Ikulu ikakiri kwamba wao ndio waliolitengeneza, kwa ombi la mabaharia. Mwezi mmoja baadaye bata akafika mbele ya waandishi waliokwisha kujifunza kuuliza nani katengeneza nini.

Tukio baya kuliko yote kwa wapangaji ni la tarehe 13 Oktoba 2005, siku mbili kabla ya kura ya maoni ya katiba ya Iraki. Bush alizungumza kwa video na askari 10 wa Marekani na mmoja wa Iraki waliokuwa Tikrit. Kabla hajaingia, mawimbi ya setilaiti yalikuwa wazi, na vyumba vya habari vikamsikia ofisa wa Pentagon, Wizara ya Ulinzi ya Marekani, akiwafanyisha mazoezi: mada zitakazoulizwa, nani atajibu ipi, kipaza sauti kitapita kwa nani. Majibu yenyewe huenda yalikuwa ya moyoni. Lakini mtazamaji akishasikia mazoezi, hata ukweli unasikika kama kibwagizo. Kosa la kiufundi hapa ni moja na linaepukika: mtambo ukishaunganishwa na setilaiti, chukulia kuwa dunia inasikiliza, hata kama kamera haijaanza rasmi.

Kinyume chake pia huharibu. Desemba 2004 huko Kuwait, Rumsfeld alikubali maswali bila mchujo, na askari mmoja akamuuliza kwa nini wanachimba vyuma chakavu jalalani ili kuziba magari yao yasipenywe na risasi. Wenzake wakashangilia. Baadaye ikajulikana kwamba mwandishi wa habari alimsaidia kuandaa swali, lakini chuma chakavu kilikuwa cha kweli, na jibu la Rumsfeld kwamba unakwenda vitani na jeshi ulilo nalo lilimfuata mpaka mwisho wa kazi yake.

Makosa mengine ni ya karani. Mei 2014, wikendi ya Siku ya Kumbukumbu ya mashujaa, Barack Obama alitembelea Bagram. Orodha ya waliohudhuria kikao chake ilitumwa kwa waandishi wapatao 6,000 ikiwa na jina la mkuu wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, mjini Kabul pamoja na cheo chake. Jeshi liliandaa orodha, ofisi ya habari ikaipitisha, na kati ya mikono yote hiyo hakuna aliyesoma mstari mmoja mmoja.

Trump alipotua Al Asad, Iraki, Desemba 2018, akaunti yake ilitoa video yenye nyuso za askari wa kikosi maalumu bila kuzificha. Aliweka saini kofia zenye kaulimbiu yake ya kampeni ambazo askari walimletea, ingawa Agizo namba 1344.10 la Wizara ya Ulinzi linawazuia askari walio kazini kushiriki siasa za vyama wakiwa na sare. Kisha akawaambia amewaongezea mshahara kwa zaidi ya asilimia 10 baada ya miaka zaidi ya kumi ya kutopata kitu. Nyongeza ya 2019 ilikuwa asilimia 2.6, na mishahara ilikuwa imepanda kila mwaka. Na kwa kuwa hakukutana na Waziri Mkuu wa Iraki, Adel Abdul Mahdi, wabunge wa Baghdad wakalalamika kwamba rais wa nchi nyingine ameingia kwao kama anaingia uani.

Gordon Brown, Waziri Mkuu wa Uingereza, alipata hasara kubwa kuliko bata yeyote. Tarehe 2 Oktoba 2007, mkutano mkuu wa chama pinzani cha Conservative ukiendelea na uvumi wa uchaguzi wa mapema ukiwa mkali, alikwenda Iraki na kutangaza kwamba askari 1,000 wa Uingereza watakuwa nyumbani ifikapo Krismasi. Hesabu ikapigwa: 500 kati yao walikuwa wameshatangazwa zamani, na 270 tayari walikuwa wamerudi. Siku nne baadaye akasema hakuna uchaguzi.

Namna ya kuisoma picha mwenyewe

Anza na jina la mpigaji. Picha ya shirika huru la habari na picha iliyogawiwa na ofisi ya kiongozi ni vitu viwili, hata zikifanana. Picha zinazopigwa na watumishi wa serikali kuu ya Marekani kazini hazina hakimiliki nchini humo, kwa hiyo ni za bure, na kitu cha bure husambaa mbali zaidi bila mtu kuuliza chanzo. Picha za jeshi la Marekani zina nambari ya utambulisho yenye sehemu nne zilizotenganishwa kwa vistari: tarakimu 6 za mwaka, mwezi na siku, herufi ya tawi la jeshi (A nchi kavu, N wanamaji, F anga, M marini), alama ya mpigaji, na namba ya mfululizo. Tarehe ya kwenye nambari ikipishana na ya kwenye maelezo, simama hapo kwanza. Usidhani pia kwamba chanzo rasmi hakihariri: Novemba 2008 shirika la habari la AP lilisimamisha kutumia picha za Wizara ya Ulinzi baada ya kugundua kwamba picha ya Jenerali Ann Dunwoody ilibadilishwa mandhari ya nyuma.

Halafu tafuta pembe ya pili. Tukio likiwa na wapiga picha watano, kuna picha tano. Ile iliyopigwa kutoka ubavuni ndiyo inayoonyesha taa, kamba za kuzuia watu na viti vitupu. Tafuta video ya dakika kabla na baada. Soma maelezo kwa kuangalia vitenzi: "anashika" na "anawapakulia" haviko sawa, na maelezo mengi ya picha ya bata yaliteleza kutoka cha kwanza kwenda cha pili bila mtu kuona.

Jihadhari na mchezo wa nyuso. Putin alipotoa salamu za mwaka mpya tarehe 31 Desemba 2022 akiwa na watu wenye sare nyuma yake, katika makao makuu ya Kanda ya Kijeshi ya Kusini huko Rostov-on-Don, mitandao ilijaa picha zilizozungushiwa duara jekundu zikidai mwanamke fulani ameonekana naye pia kanisani na kwenye boti ya wavuvi. Kufanana kwa uso kwenye picha yenye ukungu si ushahidi. Madai ya namna hiyo huwa yanasambaa bila jina, bila rekodi, bila picha ya asili. Lililo wazi katika salamu zile halikuhitaji duara: kwa kawaida huzisoma Ikulu ya Kremlin ikiwa nyuma yake, na safari hii, miezi kumi ndani ya vita, aliamua nyuma yake pawe na sare. Mwisho, pima tarakimu. Fanya kama ilivyofanywa kwa ahadi ya Brown: chukua tarakimu iliyotamkwa mbele ya askari, tafuta tangazo la mwisho la wizara husika kabla ya safari, na utoe kilichokwisha tangazwa.